Kiwakilishi Kisichomtaja Mwenyewe

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu wa sarufi kwamba kiwakilishi hakina maana mpaka kijulikane kinachowakilishwa. Sikudhani kwamba ningeaibishwa na kanuni hiyohiyo, tena mbele ya kompyuta.

Nilikuwa nikichunguza urari wa vina katika mswada wa tarbia moja yenye beti mia mbili na ushei. Mpwa wangu, msomi wa kompyuta, alinifunza kidogo Kotlin, lugha ya programu ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2016. Nikaandika maelekezo mafupi: katika kila ubeti, kina cha kila mmoja wa mishororo mitatu ya kwanza kilinganishwe na kina cha ubeti wenyewe. Jibu lilikuja papo hapo: hakuna ubeti uliovunja kina. Nami, kwa furaha, nikaandika katika rasimu ya makala yangu kwamba mtunzi huyu hakuteleza kamwe.

Kosa lilikuwa katika fankisheni isiyo na jina, yaani kipande cha maelekezo kinachotumika palepale bila kubatizwa. Asili yake ni kalkulasi ya lamda aliyoibuni Alonzo Church katika miaka ya 1930, ambamo kila kigezo hupewa jina. Baadhi ya lugha za baadaye ziliona jina hilo ni mzigo, zikaweka kishika-nafasi. Scala, iliyotolewa mwaka 2004, hutumia "_". Clojure, ya mwaka 2007, hutumia "%". Kotlin hutumia kiwakilishi cha Kiingereza, "it". Kila moja ina sarufi yake ya urejeshi. Katika Scala, "_ + _" ni vitu viwili tofauti, hivyo anayeandika "_ * _" akitaraji namba izidishwe kwa nafsi yake hatafanikiwa. Katika Clojure "%" mbili ni kitu kilekile, na ni marufuku kuitia fankisheni ya namna hiyo ndani ya nyingine. Marufuku hiyo niliiona kuwa ya kibwanyenye, leo naistahi.

Kotlin hairuhusu tu, bali "it" ya ndani huifunika ya nje. Nilikuwa nimeandika "it.kina == it.kina", nikikusudia ya kwanza iwe mshororo na ya pili ubeti. Mashine ilizichukua zote mbili kuwa mshororo. Basi kila mshororo ulilinganishwa na nafsi yake, ukafaulu.

Mwanzoni nilijifariji kwamba Kiswahili, kwa ngeli zake, kisingenipoteza hivyo. Nikajaribu: mshororo *unalingana* nao, ubeti *unalingana* nao. Kiambishi "u-" kingewafunika wote wawili vilevile! Msomaji angeokolewa na muktadha, jambo ambalo mashine haina, na ambalo hata sisi wahakiki aghalabu hulidai baada ya kuamua tunachotaka kukiona.

Niliandika upya, nikiupa ubeti jina lake na mshororo jina lake. Beti saba zimevunja kina. Mbili kati yake zimo katika sehemu ya maombolezo, ambapo mtunzi anamtaja mwanawe marehemu, na sijaamua kama aliteleza au alikusudia. Sentensi ile ya "hakuteleza kamwe" nimeifuta, na rasimu ingali mezani.