Vespa ya babu yazua zogo

Msomaji, kama nawe una ugonjwa wa vitu vya kizamani, hii inakuhusu. Mwezi uliopita nilivuka bahari hadi Unguja na milioni mbili nilizozidunduliza mwaka mzima, kwenda kununua Vespa ya babu mmoja wa Ng'ambo.

"Hii ya 61, mjukuu wangu, kabla ya Mapinduzi. Kwa umri huu bei haishuki," akaapa. "Nikimpakia bibi yako hapo nyuma, tunakwenda Forodhani kupunga upepo."

Kadi je? Imeliwa na mchwa.

Sasa mimi kuna fundi alinifunza: umri wa Vespa usiuulize mdomo, uliza bodi. Nikachukua kitambaa chenye petroli, nikasugua kutu pale ilipogongwa namba. Ikatoka VBC1T, na tarakimu nyuma yake. Hiyo T ya mwisho ni ya bodi. Injini huwa na M. Nikachungulia injini: VBC1M. Safi, zinaendana. Ila jamani, VBC1 ndiyo 150 Super, na Piaggio wa Italia walianza kuitoa mwaka 1965!

Nikamwambia babu taratibu, kwa adabu zote. Kumbe bibi yuko mlangoni na sinia la kahawa.

"Mimi umenioa 68," akasema. "Ehe, bwana wee, huyo uliyekuwa ukimpakia 61 nani?"

Babu akakohoa weee. Laki nne zikashuka palepale, nami nikalipa haraka haraka kabla kahawa haijamwagwa.