Kimya cha Liyongo: Malezi, Ujasiri na Kilio cha Vijana wa Kiume

Katika semina moja ya ushairi wa Kiswahili mwaka 2021, mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza alitakiwa aeleze kifo cha shujaa katika Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913. Alisimama, akakifungua kitabu, akakifunga, kisha akabaki kimya. Wenzake walidhani hakusoma. Mwalimu alidhani ameshikwa na haya, akamwambia aketi, na zamu ikapita kwa mwingine. Hakuna aliyejua kwamba kijana huyo alikuwa ameisoma sehemu hiyo mara tatu, wala kwamba majuma mawili kabla ya hapo alikuwa amemzika baba yake huko Bungoma.

Kimya hicho kingeweza kuitwa ukosefu wa kujiamini, na ndivyo kilivyoitwa. Hata hivyo, aliyekaa kimya hakuwa mtu wa kuogopa kutazamwa. Mwezi wa Agosti 2012, akiwa na umri wa miaka 13, alitahiriwa kwa mila ya Wabukusu, ambao hutahiri wavulana wao katika miaka inayogawika kwa mbili. Kwa siku kadhaa alizunguka akigonga njuga za mikononi na kuwaalika jamaa. Alifika kwa mjomba wake, kaka wa mama, akatolewa nyama ya kuvaa shingoni. Alfajiri ya siku yenyewe alipelekwa mtoni, akapakwa tope mwili mzima, akarudishwa nyumbani uchi, akasimama uani kwa baba yake mbele ya umati. Ngariba alipofanya kazi yake, macho yote yaliuelekea uso wa mtoto. Kupepesa kungetosha kuwa aibu, na aibu hiyo isingekuwa yake peke yake, bali ya baba yake na ukoo mzima. Hakupepesa. Baba yake alitembea kwa fahari mwaka ule, na mtoto akajifunza kwamba upendo wa baba hupatikana kwa uso usiobadilika.

Hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: ujasiri wa mwili na ujasiri wa kauli. Malezi ya namna hii hutoa ule wa kwanza kwa ukamilifu. Kijana aliyepita hapo haogopi umati, njaa wala baridi. Lakini kustahimili maumivu si sawa na kuyataja. Si jambo la Wabukusu pekee. Mtoto wa kiume wa pwani huambiwa kwamba mume ni kazi, na wa mjini huambiwa ajikaze kisabuni, ilhali dada yake aliaye huachwa alie. Lugha hiyohiyo ina methali isemayo kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, ila mvulana huisikia baadaye sana, na mara nyingi haambiwi kwamba inamhusu.

Ni katika mwanga huu ambapo kifo cha Liyongo kinafaa kusomwa upya. Shujaa anachomwa kitovuni kwa shaba, akiwa usingizini, na mwanawe mwenyewe aliyeshawishiwa na mfalme. Anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anauvuta mshale, na kufia katika mkao huo. Watu hawathubutu kwenda kuteka maji kwa kuwa wanadhani yu hai na ana hasira. Wazee wanamwendea mama yake, naye anakuja kumbembeleza mwanawe kwa nyimbo, bila kujua kwamba anaibembeleza maiti. Mpaka mwili unapoanguka ndipo jeraha linapoonekana. Wahakiki wamezoea kuliona tukio hili kama kilele cha ushujaa. Ni sahihi, lakini si hilo tu. Mji mzima ulikuwa na mtu aliyeumizwa mbele ya macho yake, na kwa sababu ya jinsi alivyojishika, hakuna aliyetambua kwamba ameumia.

Wala isidhaniwe kwamba utamaduni umemnyima mwanamume kauli. Liyongo huyohuyo ni mshairi. Alipofungwa, aliutunga ujumbe kwa mama yake katika shairi, akampa kijakazi Saada, na tupa zikaletwa ndani ya mkate wa wishwa. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwishoni mwa miaka ya sitini kwa kuandika waraka wa kisiasa, alitunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na dhiki yake aliitaja waziwazi, ndani ya vina na mizani. Wabukusu nao wana mzee wa kumuse, ambaye siku chache baada ya maziko hutembea katikati ya waombolezaji na kusema juu ya marehemu, ukoo na kifo, huku wanaume waliokomaa wakimsikiliza. Kauli ya majonzi ipo basi, na inaheshimiwa. Tatizo ni kwamba imewekewa umri na mahali. Kijana wa miaka 22 hawezi kusimama kumuse. Ameshavuka umri wa kulia kama mtoto, na hajafikia ule wa kusema kama mzee. Zamani kipindi hicho alikipitisha miongoni mwa marika aliotahiriwa nao na wazee wa jirani. Leo anakipitisha katika bweni, pamoja na watu wasiomjua baba yake.

Mwishoni mwa muhula kijana yule alirudi kwa mwalimu akiwa na insha ya kurasa sita. Hakuandika lolote juu ya nguvu za Liyongo. Aliandika juu ya mama, na katika ukurasa wa mwisho aliuliza: kama mama asingeitwa, wazee wangengoja mpaka lini? Mwalimu alimuuliza kwa nini hakuyasema hayo siku ile. Akajibu, "Mwalimu, siku ile ningefungua kinywa ningelia. Na nyumbani hakuna aliyewahi kuniona nikilia." Hapo ndipo alipoeleza habari za msiba.

Mwalimu alimpa pole, akamwomba aisome insha yake darasani juma lililofuata. Aliisoma. Alipofika kwa mama pale kisimani sauti ilikatika, akainamisha kichwa, na darasa likamngoja bila mtu kucheka wala kumwambia aketi. Ilichukua takriban dakika mbili, kisha akaendelea hadi mwisho.