Pesa za Kupita

Pwani tunakua tukiambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni msemo mzuri, na wenye maduka wa Malindi wanaupenda, lakini ulitungwa kabla ya M-Pesa. Siku hizi mali bila daftari haipotei. Inaonekana, tena inaonekana nyingi kuliko ilivyo.

Mamangu mdogo ni mama karanga. Asubuhi ananunua samaki ufuoni Mayungu, mchana anawakaanga, jioni anawauza Muyeye. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naandika makala za watu kwa malipo, na huku kwetu mtu aliyeacha chuo huhesabiwa kuwa ana nafasi. Ndivyo nilivyokabidhiwa hesabu zake.

Kaskazi, bahari ikiwa tulivu na wageni wamejaa, anauza kama 3,500 kwa siku. Kusi ikiingia zinashuka hadi 1,200, na kuna siku jiko haliwashwi kabisa. Kwa mwaka ni kama laki sita na nusu. Ukitoa samaki wenyewe, mafuta na makaa, kinachobaki hakifiki laki mbili.

Sasa tuliomba taarifa yake ya M-Pesa ya mwaka mzima. Ikaja: zilizoingia, milioni moja na laki tatu na nusu.

"Hizi si zangu," akasema. "Hizi ni za watu."

Na kweli. Yeye ndiye mweka hazina wa chama chao, wanawake ishirini, kila mmoja 500 kwa wiki. Elfu kumi zinaingia kwake Jumatatu na kabla ya magharibi zishaenda kwa mwenye zamu. Kwa mwaka hizo ni 520,000 zinazopita kwenye simu yake bila kununua hata chumvi. Halafu kuna binti yake aliye Dammam, anayetuma karo ya wadogo zake, karibu laki moja na themanini. Wewe na mimi tunaziona tofauti hizo. Taarifa ya simu haizioni. Kwayo, kilichoingia kimeingia.

Tofauti hiyo ina bei. Nchini Kenya, biashara ndogo inayouza zaidi ya milioni moja kwa mwaka, hadi milioni 25, hulipa kodi ya mauzo, na tangu Julai 2023 kodi hiyo ni asilimia 3, kutoka 1. Inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. (Hapa mimi sioni haki iko wapi. Samaki akiharibika sababu stima imepotea, mauzo ya jana bado yanadaiwa.) Tena milioni isikutishe kwa jina. Ukiigawa kwa siku za mwaka ni kama 2,740 kwa siku, na wauza viazi wengi wa Malindi wanaipita.

Kwa hivyo mtu akiisoma taarifa ile bila maelezo, Mama mdogo anadaiwa 40,500, zaidi ya faida yake ya miezi miwili. Akiisoma pamoja na daftari, mauzo yako chini ya milioni, kodi inapimwa kwa faida, na faida isiyofika 288,000 kwa mwaka, baada ya nafuu ya kila mlipa kodi, haibaki na cha kulipwa. Ritani anajaza, lakini halipi. Na usitegemee kwamba mkaguzi ndiye atakayejisumbua kuchambua. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamwachia mlipa kodi kazi ya kuthibitisha kwamba hesabu ya mkaguzi si sahihi, na inamtaka atunze rekodi miaka mitano. Nani atakumbuka Jumatatu ya miaka mitano nyuma?

Nilimtengenezea jedwali kwenye laptopu. Akaliangalia, akasema, "Hiyo yako inataka chaji." Akanunua kaunta buku. Kila usiku, kabla ya kulala, anapitia meseji za siku na kuandika: samaki kwa mstari mtupu, za chama anazichorea duara, za nyumbani anaziwekea nyota. Dakika kumi. Wateja wakahamishiwa Pochi la Biashara, laini ile ile ila pesa zinakaa kando, kwa hivyo maduara yamebaki upande mmoja na samaki upande wake. Siku za kusi ukurasa unaweza kuwa na duara tupu bila samaki hata mmoja, na hiyo pia ni rekodi. Juni 30, siku ya mwisho ya ritani, inaangukia kusi. Yaani unaulizwa habari za kaskazi wakati mfukoni hakuna kitu.

Mkahawa mmoja uliokuwa ukichukua kilo kumi kila Ijumaa ulikuwa umeacha, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiki kwa mnunuzi. Tukamsajili. Hata kwa kabambe inawezekana, kwa *222#. Mkahawa ukarudi.

Na sisi waandishi wa kujitegemea tusijitoe. Mteja akikulipa 24,000 au zaidi kwa mwezi, anakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Cheti chake kiko kwenye iTax. Rafiki zangu hukimbilia saiba usiku wa Juni 30 wakajaza ritani ya sifuri ili wakwepe faini ya 2,000, na kwa sifuri hiyo wanaziacha zile zilizokwisha kukatwa. Mimi mwaka jana nilikuwa na vyeti vinne. Nilivitandaza mezani, Mama mdogo akavishika kimoja kimoja.

"Hizi nazo ni za samaki au za watu?"

"Ni zangu, lakini wanazo wao."

Akafikiri kidogo, akachukua kalamu, akachora duara na kuliacha wazi upande mmoja.