TUKIWA SAFARINI, TULE WAPI?



Wako wengi kati yetu ambao wakisafiri hawali. Mama anatoka Muleba alfajiri, amewafungia watoto chapati na mayai ya kuchemsha, na baba amewekewa chai kwenye chupa. Yeye mwenyewe anakaa kwenye kiti cha basi hadi usiku bila kutia kitu kinywani. Ukimwuliza atakuambia hasikii njaa. Ukweli ni kwamba anaogopa choo cha njiani, anaogopa kutumia fedha, na zaidi ya yote anaogopa chakula asichokijua.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaijua hofu hii, kwa sababu wengine huishia mikononi mwetu. Mama anayenyonyesha anafika na kichwa kinauma, maziwa yamepungua, mtoto analia. Mwenye ugonjwa wa sukari hali yake huwa mbaya zaidi. Amemeza vidonge vyake asubuhi kama alivyoagizwa, lakini chakula hakula. Dawa inaendelea kushusha sukari, na mwilini hakuna kitu cha kuipandisha.

Jambo hilo lilitupata akina mama wa kikundi chetu cha kanisa katika safari ya Dar es Salaam. Kutoka Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300, mchana na usiku njiani. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye sukari, alikuwa amekataa kila kitu tangu tulipoondoka. Tuliposhuka Dar es Salaam jioni mikono yake ilikuwa inatetemeka, jasho jembamba linamtoka, na maneno hayafuatani. Tulimpa soda yenye sukari papo hapo, na baada ya kama robo saa akaanza kuzungumza vizuri. Lakini soda si chakula. Alitakiwa kula mara moja, na karibu na nyumba ya wageni tuliyofikia mahali palipokuwa wazi palikuwa pamoja tu, nao ulikuwa mgahawa wa Kichina.

"Jamani," alisema, "mimi nyoka sili. Afadhali nilale hivi hivi."

Binti aliyekuwa akihudumu, Mtanzania mwenzetu, alitusalimia shikamoo, akasema, "Mama zangu, hapa hakuna nyoka. Karibuni jikoni mwone wenyewe." Tukaenda. Tuliona kuku, mayai, kabichi, karoti, tangawizi na vitunguu saumu. Tuliona sufuria kubwa inatoa mvuke. Mgonjwa wetu alikula supu ya kuku na mayai, wali mweupe na mboga za majani. Akamaliza bakuli, akaomba nyingine.

DIM SUM NI NINI?

Tulimwuliza binti yule kuhusu dim sum, maana mmoja wetu alikuwa amesikia habari zake. Alitujibu, "Hiyo ni ya asubuhi, mama. Njooni kesho baada ya ibada." Hapo tulijifunza jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kulijua: dim sum si chakula cha usiku. Ni chakula cha asubuhi hadi mchana, na huenda pamoja na chai. Asili yake ni kusini mwa China, jimbo la Guangdong, na Hong Kong iliyo jirani. Watu wa huko hawasemi wanakwenda kula dim sum. Husema wanakwenda "yum cha", yaani kunywa chai. Familia nzima huketi, bibi, wazazi na wajukuu, na hasa siku za mapumziko hukaa muda mrefu wakizungumza.

Vyakula vyenyewe ni vidogo vidogo, navyo huletwa katika vikapu vya mianzi vilivyotoka kwenye mvuke. Kila kikapu huwa na vipande vitatu au vinne. Har gow ni kifuko chembamba cha unga chenye kamba ndani, unaweza kusema ni sambusa isiyokaangwa. Siu mai huachwa wazi juu, na kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe na kamba. Yako maandazi meupe ya mvuke yenye nyama ndani. Iko miguu ya kuku iliyopikwa hadi ikalainika kabisa. Uko pia wali unaonata uliofungwa na kuku ndani ya jani la yungiyungi. Huo haukutushangaza hata kidogo. Sisi tunafunika sufuria ya ndizi kwa majani ya mgomba, na jirani zetu Waganda hupika luwombo ndani ya jani hilo hilo. Aliyelelewa Kagera anaijua kazi ya jani na mvuke tangu utoto.

Desturi ya chai nayo ni ya kupendeza. Mtu akikumiminia chai, unagonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili, na hiyo ndiyo asante. Tulikumbuka jinsi wazee wetu wa Kihaya wanavyomkaribisha mgeni kwa punje za kahawa za kutafuna kabla ya habari yoyote. Mgeni asiyejua maana yake anaweza kuona amepewa kitu kidogo, kumbe amepewa heshima.

MPISHI ANATOKA WAPI?

Wengi hudhani Wachina wote hula chakula cha namna moja. Hebu tujiulize: mgeni akija Bukoba akasema Watanzania wote hula ndizi, tutamjibu nini? Msukuma atasema ugali, Mpemba atasema wali na samaki. China nayo ni kubwa. Kaskazini hula zaidi ngano, yaani maandazi ya mvuke yasiyo na kitu ndani, tambi, na vifuko vya unga viitwavyo jiaozi. Kusini hula zaidi mchele. Sichuan hupenda pilipili kali.

Wachina si wageni wapya kwetu. Timu za madaktari wao zilianza kufika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na timu za Bara zimetoka jimbo la Shandong, ambalo liko kaskazini. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wao kati ya 1970 na 1975. Siku hizi wafanyabiashara wetu wa Kariakoo nao huenda Guangzhou kununua bidhaa, na huo ndio mji mkuu wa Guangdong, nyumbani kwa dim sum.

Kwa hiyo, ukiingia mgahawa wa Kichina, uwe Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, uliza kwa upole mpishi anatoka jimbo gani. Akiwa wa Guangdong, agiza dim sum, samaki wa mvuke au bata wa kuchoma. Akiwa wa kaskazini, agiza jiaozi na tambi. Anayekupikia chakula cha kwao hukupikia kwa moyo. Halafu tazama wanaokula humo. Ukiona familia za Kichina zimejaa na watoto na wazee wao, hapo umefika.

TUTAZAME NINI KABLA YA KUKETI?

Yafuatayo tunayasema kama wauguzi, nayo yanafaa mgahawa wa Kichina sawasawa na banda la mama lishe pale stendi ya Muleba.

Kwanza, maji ya kunawa na sabuni. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa hapa kwetu Kagera, ndoo za kunawa zilionekana kila mlango. Mwenye mgahawa anayeendelea kuijaza ndoo yake wakati hakuna tangazo lolote, huyo anawajali wateja wake.

Pili, mvuke. Chakula kitoke motoni kikiwa moto kabisa, si vuguvugu. Hapa dim sum ina faida kubwa kwa msafiri, kwa kuwa kikapu hutoka kwenye mvuke moja kwa moja na kuja mezani. Kikija kimepoa, kirudishe bila kuona haya.

Tatu, wali wa kukaanga. Huu mara nyingi hupikwa kwa wali uliolala. Si vibaya, ikiwa wali huo uliwekwa kwenye friji mapema. Lakini ukiachwa mezani saa nyingi katika joto, kijidudu kiitwacho Bacillus cereus huongezeka na kutoa sumu, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukiukaanga upya. Mahali usipopajua, hasa ukiwa na mtoto, agiza wali mweupe uliopikwa siku hiyo.

Nne, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya peke yake hubeba zaidi ya gramu 2. Mwenye shinikizo la damu aichovye kidogo tu, asiimimine juu ya chakula.

Tano, ulizeni kilichomo. Nyama ya nguruwe hutumika sana katika dim sum, na mafuta yake huweza kuwemo hata katika chakula kinachoonekana ni cha mboga. Sisi husafiri na dada zetu Waislamu, na wako Wakristo wenzetu wasiokula nguruwe. Si vizuri kumwacha mwenzako agundue akiwa tayari ametafuna. Wako pia Wachina Waislamu, na migahawa yao hupika supu za tambi na nyama ya ng'ombe. Mwenye mzio wa karanga au kamba naye aseme mapema.

NA FEDHA?

Akina mama wengi husema mgahawa wa Kichina ni wa matajiri. Ni kweli ipo iliyo ghali, hasa pande za Masaki. Lakini chakula hiki kimekusudiwa kuliwa kwa kushirikiana. Msiagize kila mtu sahani yake. Watu sita waagize vikapu vinne, sahani moja ya mboga na bakuli kubwa la wali, waweke katikati, kisha waone kama wameshiba. Ombeni bei kabla ya kuagiza, na mkubaliane mapema kila mmoja anatoa kiasi gani, ili asiwepo mama wa kuona aibu mwishoni. Asubuhi ile tulikula hivyo, tukashiba, na kilichobaki tukafungiwa.

Tusijione pia kama watu tusiostahili kukaa kwenye meza zile. Wavuvi wa visiwa vya Muleba, Goziba, Bumbire na Ikuza, wanajua jinsi mabondo ya sangara yanavyotafutwa. Hukaushwa, husafirishwa hadi Hong Kong na Guangdong, na huko hupikwa supu ya heshima. Bei yake kwa kilo huizidi kwa mbali ile ya minofu ya samaki huyo huyo. Kwa hiyo, wakati sisi tunaogopa supu ya Mchina, Mchina anakunywa supu ya kitu kilichotoka ziwani kwetu.

KABLA YA SAFARI IJAYO

Mwenzetu yule alirudi Bukoba akiwa mzima. Siku hizi husafiri na vitu vitatu katika mkoba: dawa zake, maji safi, na ndizi mbivu au biskuti za kula njiani kabla njaa haijamzidi. Nasi tumekubaliana katika kikundi kwamba katika safari zetu mama hasafiri bila kula. Kila gari likisimama kwa chakula, wawili wanashuka kwanza kutazama jiko na choo, kisha wanawaita wengine.

Akina mama, tumezoea kuhakikisha kila mtu nyumbani amekula kabla yetu. Ni tabia njema, lakini safarini inaweza kutuletea maradhi, na mama akianguka njiani ni nani atawashika wale watoto? Tazama jiko, uliza kilichomo, nawa mikono, shukuru, kisha ule na ushibe. Na wewe mwenye sukari, usimeze kidonge chako mpaka uwe umejua chakula chako kiko wapi.