Kocha Mpya Apewe Muda Gani? (Kwa mama wenye nyumba za Simba na Yanga)

SEHEMU YA 1

Niliahidi leo tuendelee na somo la kunyonyesha, lakini naomba mnisamehe, litakuja wiki ijayo. Leo naongelea mpira. Ndiyo, mpira. Najua wengine mtataka kupita, ila subirini kidogo, maana jambo hili limeingia mpaka kwenye meza yangu ya chakula, na nahisi na kwako limeingia.

Baba watoto wangu ni Simba wa kulia machozi. Mimi ni Yanga, nimerithi kwa marehemu baba. Tumeoana hivyo hivyo, tunaishi hapa Binza vizuri tu, isipokuwa usiku wa mechi.

Tarehe 23 Novemba Simba walifungwa 1-0 na Petro de Luanda, nyumbani, mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Baba watoto alirudi kutoka kibanda umiza hajasalimia mtu. Ugali na mlenda vikapoa mezani. Wiki moja baadaye wakafungwa tena, 2-1, na Stade Malien kule Bamako. Hapo hata mimi Yanga nilinyamaza, maana nyumba ilikuwa kama ina msiba. Tarehe 2 Desemba ikatangazwa: Simba wameachana na kocha Dimitar Pantev.

Huyu Pantev alikuja mwanzoni mwa Oktoba. Hesabu yangu mimi ni ya wodini: mama aliyeshika mimba wiki Pantev anatambulishwa, siku anaondoka bado alikuwa anatapika asubuhi. Miezi miwili!

Baba watoto alifurahi kweli. "Sasa tutapona," akasema. Nikacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka kijana wetu, ana miaka saba, kwenye mazoezi ya watoto uwanja wa shule. Kuna mwalimu kijana anawafundisha bila malipo, ana wiki tatu tu tangu aanze. Watoto wakafungwa na wenzao wa mtaa wa pili. Mwanangu akatoka uwanjani, mikono kiunoni, akasema kwa sauti watu wote wakasikia: "Mwalimu atoke! Hatufai!"

Yule mwalimu aliinama akaanza kuokota koni zake kimya kimya. Mama zangu, niliona aibu sana. Nilijua sauti ile ameitoa sebuleni kwangu.

SEHEMU YA 2

Nilivyorudi nyumbani nikamkalisha baba watoto. Nikamwambia, tuhesabu wote makocha wa Simba tangu Oktoba 2021. Yeye ndiye alikuwa anataja, mimi naandika nyuma ya daftari la kliniki.

Didier Gomes, aliondoka baada ya Jwaneng Galaxy kuja kuwatoa Dar es Salaam. Akaja Pablo Franco, akaondoka Mei 2022. Akaja Zoran Maki katikati ya 2022, Septemba hayupo. Mgunda akashika. Januari 2023 akaja Robertinho, tarehe 5 Novemba akafungwa 5-1 na sisi (hapo nilitabasamu, Mungu anisamehe), siku mbili baadaye hana kazi. Akaja Benchikha, Aprili 2024 akaondoka. Mgunda tena. Julai 2024 Fadlu Davids. Huyu aliwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, wakapoteza kwa Berkane. Septemba akaondoka kwenda Raja ya Morocco. Kisha Pantev. Na Desemba 2025 akatangazwa Steve Barker.

Daftari likajaa. Baba watoto akaangalia ile orodha muda mrefu, akasema, "Kumbe ni wengi hivi?"

Nikamuuliza: baada ya kumwondoa Robertinho kwa ule usiku mmoja, mlipona? Akanyamaza. Msimu ule wa 2023/24 Simba walimaliza nafasi ya tatu, nyuma yetu na nyuma ya Azam. Ligi ya Mabingwa wakaikosa mwaka uliofuata. Kumfukuza kocha kulipoza hasira tu. Ugonjwa ulibaki palepale.

Sasa na yeye sio mjinga, akanigeukia. "Na nyie Yanga? Msimu wa 2024/25 mmeanza na Gamondi, mkamfukuza Novemba, akaja Ramovic, Februari akaondoka, mkamaliza na Hamdi. Makocha watatu na ubingwa mkachukua. Oktoba 2025 mmefungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, mkamfukuza Folz, mechi ya marudiano mkashinda 2-0 mkaenda makundi. Mbona kwenu inafanya kazi?"

Jamani, swali zuri. Na ni kweli tupu. Sitaki niwadanganye hapa kwamba anayevumilia siku zote anashinda. Mpira hauko hivyo, na wodi haiko hivyo.

Lakini nikamkumbusha mwaka 2021. Yanga tulikuwa tumekaa misimu minne hatuna ubingwa, yote mmechukua nyie. Aprili akaja Nasreddine Nabi. Julai akafungwa na Simba fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF pale Kigoma. Septemba tukatolewa Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, 1-0 hapa, 1-0 kule. Baba yangu alikuwa bado hai. Alizima redio akasema huyu naye aende zake.

Hakwenda. Siku chache baadaye tukawafunga Simba Ngao ya Jamii, goli la Mayele, kelele zikapungua. Bahati ilimsaidia, sikatai. Msimu ule tukachukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja ya ligi. Msimu uliofuata tukachukua tena, na 2023 tukafika fainali ya Afrika ya Shirikisho. Wangemsikiliza baba yangu Septemba ile, yote hayo tusingeyaona.

SEHEMU YA 3

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Sijawahi kuliandika.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi mahali fulani, sitapataja, wodi ya wazazi. Ndani ya mwaka mmoja tulibadilishiwa in-chaji mara tatu. Wa kwanza alilalamikiwa, akaondolewa. Wa pili akakaa miezi minne, kukatokea tatizo la ripoti, akaondolewa. Wa tatu akaja.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Ila kila mmoja alikuja na mpangilio wake. Wa kwanza aliweka trei ya dharura karibu na mlango. Wa pili akaipeleka kwenye kabati, akasema mlangoni inapata vumbi. Wa tatu akagawa: kanula na dripu huku, misoprosto kule, oksitosini kwenye friji ya chumba kingine kwa sababu friji yetu ilikuwa haipoi vizuri. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake nzuri.

Usiku mmoja, saa nane hivi, mama amejifungua salama, mtoto analia vizuri, ghafla damu ikaanza kutoka. Ile damu ambayo ukiiona unajua hii sio ya kawaida. Nikamwambia mwenzangu lete trei. Akakimbilia mlangoni. Hakuna. Akakimbilia kabatini. Kanula hakuna. Mimi nakanda tumbo la mama kwa mkono, namwambia mama usilale, ongea na mimi, huku nasikia droo zinafunguliwa na kufungwa, zinafunguliwa na kufungwa.

Vitu tulivipata. Mama alipona, alitoka na mtoto wake siku ya tatu. Lakini zile dakika bado nazisikia, zile droo.

Asubuhi yake kila mtu alisema in-chaji huyu naye atoke. Na mimi nilisema, tena kwa sauti. Aliyetunyamazisha ni mama mmoja mkunga wa zamani, amebakiza miezi kustaafu. Akauliza swali moja tu: "Akitoka, huyo wa nne trei ataiweka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Wiki ile tukakaa chini, tukakubaliana trei inakaa wapi, tukaandika ukutani, na tukasema hata aje in-chaji gani, hii haihamishwi bila kikao cha wodi nzima. Yule wa tatu akabaki. Alikuja kuwa in-chaji mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Ndio nikaanza kuelewa jibu la swali la baba watoto. Klabu inaweza kubadili kocha na ikapona, kama trei yake imekaa mahali pamoja: wachezaji wanajuana, viongozi wanajua wanataka mpira wa aina gani, anayekuja anakuta nyumba imesimama. Yanga ya miaka hii, makocha wameondoka lakini mabeki kama Job na Bacca wamebaki pamoja misimu mingi. Lakini kama kila kocha anakuja na wachezaji wake na mfumo wake, akiondoka anamwachia mwenzake droo zilizovurugika. Hapo beki anageuka kulia kumtafuta mwenzie, kumbe amehamishiwa kushoto. Goli.

SEHEMU YA 4

Basi kocha avumiliwe mpaka lini? Maana kuna kuvumilia na kuna kuzembea.

Mama uliyejifungulia kituoni unakumbuka ile karatasi kubwa tunayojaza ukiwa na uchungu. Ile tuliyofundishwa chuoni, partografu, ina mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari. Njia ikifunguka chini ya sentimita moja kwa saa, alama inauvuka. Hapo hatukimbilii kisu. Tunakaa macho zaidi, tunauliza: kibofu kimejaa? Amekunywa maji? Uchungu una nguvu? Mtoto amekaaje? Wa pili uko saa nne mbele, ni mstari wa kuchukua hatua. Ukifikiwa, lazima uamuzi ufanyike, hakuna tena "tungoje kidogo". Na kama mapigo ya mtoto yakibadilika vibaya, hatungoji mstari wowote.

Uzuri wa karatasi ile ni kwamba mistari imechorwa kabla mama hajaanza kulia. Ndugu wakipiga kelele nje dirishani, mistari haisogei. Na mimi nikiwa nimechoka saa kumi alfajiri nikataka kuzembea, mistari haisogei pia.

Mashabiki tunachora mstari baada ya kufungwa, tukiwa na hasira. Ndio maana kila mstari ni wa kuchukua hatua.

Huyu Barker aliyekuja Simba, historia yake yenyewe inafundisha. Alianza na Stellenbosch ya Afrika Kusini mwaka 2017. Mwaka 2019 akaipandisha ligi kuu. Kombe lake la kwanza kubwa akalichukua Desemba 2023. Aprili 2025 akawa nusu fainali ya Shirikisho Afrika, akatolewa na Simba hao hao kwa goli moja. Hesabu wenyewe: miaka sita mpaka kombe. Simba wamemchukua mtu aliyetengenezwa na subira. Wakimpa miezi miwili, wamenunua ng'ombe wa maziwa halafu wanamlaumu hajakamuliwa njiani.

Simaanishi apewe miaka sita. Simba ni Simba. Ila Desemba hiyo ya 2025 ligi ilisimama, wachezaji wengine walikuwa Morocco na Taifa Stars, kelele zilitulia. Huo ndio ulikuwa muda wa kuchora mistari. Kwa maoni yangu mimi Yanga, aachwe mpaka msimu uishe. Akifungwa mbili tatu, ni tahadhari: waulize kama ana wachezaji aliowaomba, kama timu inaonekana inajifunza kitu, kama magoli wanayofungwa ni yale yale. Mwisho wa msimu wapime. Kama wachezaji wameacha kumsikiliza kabisa, hayo ndiyo mapigo ya mtoto, msingoje. Lakini usiku mmoja mbaya sio mapigo ya mtoto. Ni uchungu tu.

Na tukumbuke anayefukuzwa ni mtu. Gamondi tuliyemfukuza Yanga Novemba 2024, mwishoni mwa 2025 ndiye aliyekuwa akiiongoza Taifa Stars, na sote tulimwombea.

Nyumbani kwangu sasa. Jumapili tulikwenda wote wawili na mtoto kwa yule mwalimu. Baba watoto ndiye aliyeanza kuongea, sikumtuma. Akasema, "Mwalimu, hilo neno alilosema mtoto, amelisikia kwangu. Nisamehe." Mwalimu akacheka akasema hata yeye ni Simba, hata yeye alisema Pantev atoke. Tukacheka wote. Halafu akatuomba, kama tunaweza, tumsaidie mpira mmoja, maana ana watoto ishirini na mbili na mpira mmoja uliotoboka.

Mpira mmoja, watoto ishirini na mbili. Na sisi tulitaka ashinde ndani ya wiki tatu.

Tumenunua miwili. Mwanangu yuko kwenye mazoezi saa hizi ninapoandika, bado wanafungwa. Tumekubaliana mimi na baba yake: neno "atoke" halisemwi tena sebuleni mbele ya watoto. Akifungwa aende akalie chumbani.

Niambieni kwenu usiku wa mechi mnaishije. Kesho naingia zamu ya usiku, nitawajibu asubuhi nikitoka.