Vitamini haichukui nafasi ya pompe

Mdogo wangu ana pumu tangu utoto. Hapa Uvira, muuza dawa wa kutembeza alimwambia vidonge vya vitamini D vinatosha, naye akaacha pompe. Usiku wa tatu kifua kilimbana, tukampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali.

Nilipotafuta, nikakuta watafiti wa Cochrane walisema mwaka 2016 kwamba vitamini D huenda ikapunguza kubanwa. 2023, walipopima upya majaribio mengi zaidi, hawakuona faida hiyo. Tena jua letu hapa ziwani huisaidia ngozi kuitengeneza, bila franka hata moja!

Lengalenga na ndagala tule, ni chakula kizuri. Lakini ninyi mnaopika ndani ya hema, mbabula itoke nje, moshi huamsha pumu.

Mdogo wangu sasa analala na pompe chini ya mto.