Tukipotezana, tukutane kwa Tshukudu

Siku tatu kabla ya tingatinga kufika, mtu mmoja alipita kwenye avenue yetu na kopo la rangi nyekundu. Kila alipoona kibanda, alichora msalaba. Kibanda cha mama mdogo wangu kilipata msalaba wake mlangoni. Hakupewa karatasi yoyote. Alipouliza, alijibiwa: "Barabara inapanuliwa, mama. Lazima mji upendeze."

Mimi ni mwandishi wa redio, kazi yangu ni kuuliza maswali. Lakini siku ile sikuuliza kitu, nilibeba mbao. Tulikibomoa kibanda wenyewe ili kuokoa mbao na manjanja, kwa sababu tingatinga likishapita hupati hata msumari.

Ndugu wasikilizaji, mmekuwa mkituma ujumbe mwingi juu ya barabara mpya za Goma, nyumba za ghorofa na masanamu ya kwenye rond-point. Wengine wanasifu, wengine wanalia. Leo nitatoa maoni yangu mwenyewe, na sifichi kwamba kibanda kilikuwa cha ndugu yangu.

Kwanza niseme lililo jema. Barabara ile ilikuwa mbaya. Mwanamke mjamzito akibebwa na moto usiku, alirushwa juu ya mawe mpaka hospitali. Kiangazi tulikula vumbi, mvua ikinyesha tulitembea na viatu mkononi. Sasa kuna lami, kuna taa za sola, na gari la wagonjwa linafika mlangoni. Atakayesema hiyo si kitu, hajawahi kuishi kwetu. Tena kibanda kilikuwa kwenye nafasi ya barabara. Hilo nalo ni kweli. Lakini kwa miaka mingi mtu wa kodi alipita kila asubuhi, akamkatia mama mdogo tikiti, akachukua franga zake. Kama kibanda hakikuwa halali, tikiti zile zilikuwa za nini?

Mji huu haujawahi kukaa na sura moja. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa mtoto wa shule. Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa, sehemu ya uwanja wa ndege ikafunikwa, maduka yakazikwa. Kuna nyumba za ghorofa ambazo sehemu ya chini ilipotea kabisa, watu wakatoboa mlango pale palipokuwa dirisha la juu na kuendelea kuuza. Tulirudi kujenga wakati mawe bado yana joto.

Tulijenga kwa mbao. Watu wanaotoka nje wanadhani ni umaskini tu. Umaskini upo, lakini akili pia ipo. Nyumba ya mbao inasimama juu ya makoro bila kuchimba msingi mrefu. Ardhi ikitikisika, nyumba inalia lakini haikuangukii. Ukilazimika kuhama, unaifungua na kuibeba. Na mawe yaleyale yaliyotufukuza tuliyageuza kuwa kuta za viwanja vyetu. Mpaka leo wanawake na vijana wanakaa juani kuyaponda yawe kokoto. Ghorofa zote mnazoziona zimesimama juu ya jasho lile.

Sasa zinapanda nyumba ndefu zenye vioo kutoka chini mpaka juu. Ninazipenda nikizitazama jioni, jua likishuka kwenye ziwa. Kisha nakumbuka 2021. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei, ardhi ilitetemeka siku nyingi, kuta za matofali zikapasuka na nyumba zingine kuanguka. Kwa mama yangu, kwenye nyumba ya mbao, ilianguka picha moja ya ukutani. Sisemi tusijenge ghorofa. Nasema fundi anayejenga Goma kama anajenga Kinshasa hajaiuliza ardhi anayosimama juu yake.

Na sanamu je? Wote mnaijua ile ya rond-point Tshukudu, mtu wa rangi ya dhahabu anayesukuma chukudu. Kwa muda mrefu mimi sikuipenda. Niliona ni pesa za kupaka dhahabu wakati mitaa mingi inatafuta maji na bidoni. Siku moja nilisimama pale na kinasa sauti, nikamuuliza kijana mwenye chukudu ya kweli, imejaa magunia, anaiona namna gani. Alicheka, akasema: "Huyu wa dhahabu hakuna polisi anamufukuza. Siye banatufukuza kila siku."

Nilitangaza maneno yale, na mpaka leo nayaona ya haki. Watu wa chukudu ndio waliolisha mji huu. Walishuka kutoka Kibumba na viazi, kabichi na makala, mpaka vita vilipoifunga barabara hiyo. Walibeba mbao na saruji ya nyumba zetu. Tumewapa sanamu, lakini kwenye barabara mpya hatukuwawekea hata upana wa gurudumu moja. Wanasukumana na magari makubwa, na ajali ikitokea tunasema chukudu ni uchafu wa mji.

Hata hivyo, kuna mama mmoja aliyenibadilisha mawazo juu ya sanamu yenyewe. Nilimkuta kambini upande wa Lac Vert, mwanzoni mwa 2024, wakati watu wa Sake na wa Masisi walipokimbilia kwetu kwa wingi. Alikuwa ametoka na watoto wanne. Kabla ya kuacha nyumba, aliwakusanya na kuwaambia: "Tukipotezana, tukutane kwa Tshukudu." Nikamuuliza kwa nini pale. Akaniambia: "Juu kila mutu anapajua. Hata motari wa kwanza utamuuliza, atakuonyesha."

Na kweli walipotezana. Mtoto wake wa pili, wa miaka kumi na mmoja, alitenganishwa nao kwenye umati wa barabara kuu. Alifika mjini na watu asiowajua, akauliza Tshukudu iko wapi, akaenda kukaa pale. Mama alimkuta kesho yake, amejikunja, ameshika sufuria ya nyumbani ambayo hakuiacha njia nzima.

Tangu siku ile sisemi tena kwamba sanamu haina kazi. Nimeelewa kwamba mji si barabara na kuta tu. Mji ni mahali ambapo mtu aliyepotea anaweza kupatikana. Na hapo ndipo ninapotaka kurudi kwenye kibanda.

Mama mdogo aliuza makala, nyanya na sabuni, na alikuwa na betri ya kuchaji simu. Wamama wa kambini walishuka asubuhi kutafuta kazi ya kufua, wakaacha simu zao kwake. Simu ikilia, alipokea. "Mwenyewe hayuko, ameenda kufua, nikuachie neno gani?" Alijua nani ametoka Kitshanga, nani ametoka Karuba, nani anamtafuta mume wake. Mara nyingi mimi mwenyewe, mtu wa redio, nilipata habari kwake kabla ya kuzipata kwa wakubwa. Hakuna mtu aliyepanga kibanda kile kiwe ofisi ya kukutanisha watu, ila kilikuwa hivyo.

Asubuhi baada ya tingatinga, wamama walishuka na simu zao kama kawaida. Walikuta nguzo ya taa. Taa ni nzuri, inawaka usiku kucha. Lakini haikuambii kwamba mume wako amepiga simu.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mji mambo machache, na hakuna hata moja linalotaka mabilioni. Kabla ya rangi nyekundu, leteni karatasi yenye tarehe, na mtutumie sisi wa redio tuitangaze kwa muda wa kutosha. Aliyelipa kodi kila siku aonyeshwe mahali pengine pa kuuzia kabla ya kuondolewa. Mnapoweka lami, acheni njia ya miguu na ya chukudu. Chimbeni mifereji mpaka mwisho, kwa sababu sasa mvua ikinyesha, maji ya barabara nzuri yanaingia kwenye nyumba za walio chini. Na wekeni vibao vya majina ya avenue, hasa kwenye mitaa mipya. Mgeni aliyekimbia vita hawezi kuambiwa "kata kushoto pale palipokuwa na mti", wakati mti ulishakatwa.

Nanyi wenye viwanja, msicheke nyumba za mbao. Nanyi mliokuwa kambini, msidhani maneno haya ni ya wenye mji peke yao. Anayetembea kwenye barabara kila siku, akiponda mawe yake na kubeba mizigo yake, ana haki ya kusema inavyotakiwa kuwa.

Mama mdogo hakuacha kazi. Sasa anatembeza nyanya kwenye beseni kichwani, leo Katindo, kesho Ndosho. Betri ameiweka nyumbani chini ya kitanda. Juma lililopita mama mmoja wa Masisi alinipigia kwenye redio. Mume wake alikuwa ametuma neno kwa mama mdogo, na yeye hajui ampate wapi siku hizi. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu, kwa sababu beseni halina anwani.

Nikamwambia: "Mama, njoo kesho saa nne. Nitakuja naye. Tukutane kwa Tshukudu."